Shahidi Asiyeapishwa

Katika OGame, mchezo wa mikakati ya anga ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2002 na unaochezwa mtandaoni, mchezaji makini havamii sayari ya mwenzake kwa kubahatisha. Kwanza hutuma vyombo vya upelelezi, vidogo, vya bei nafuu na vyenye kasi kupita vyote, navyo humrudishia taarifa: metali kiasi gani, fuwele kiasi gani, deuteri kiasi gani. Ikiwa alituma vingi, na utaalamu wake wa upelelezi unamzidi mwenzake, taarifa huendelea mpaka kwenye vyombo vya vita, mizinga ya ulinzi, majengo, na mwisho utafiti. Mwenye sayari naye hupata ujumbe kwamba amechunguzwa, na huenda akavitungua vyombo hivyo kabla havijaondoka. Kinachobaki ni hesabu. Faida ikizidi hasara, kikosi kinatumwa; isipozidi, mchezaji anahamia sayari ya pili.

Mtu wa dini akiulizwa kama kutuma chombo kile ni dhambi huenda akacheka, na ana sababu ya kucheka. Hakuna aliyeumia, na kila aliyejiunga alijua kwamba atachunguzwa kama yeye anavyochunguza. Lakini mwulize kwa nini basi upelelezi wa kweli, wa binadamu juu ya binadamu, unatutia kinyaa, na majibu yataanza kutofautiana. Wengi watasema ubaya uko katika kuchungulia: umetazama usichoruhusiwa kukitazama. Naona jibu hilo limelenga pembeni. Mpelelezi ni shahidi kabla hajawa kitu kingine. Hatia yake, ikiwapo, haiko machoni bali katika ushuhuda anaouleta, hasa pale ushuhuda unapoacha vitu vinavyoonekana na kuanza kusimulia nia za watu. Na sehemu kubwa ya hatia hiyo humwangukia anayeupokea na kuutendea kazi bila kumsikiliza aliyesemwa. Mchezo wa anga unatusaidia kwa kuwa ni upelelezi uliooshwa mambo hayo yote. Miteremko ya Kilimanjaro, tangu 1891 hadi 1900, inatuonyesha upelelezi ambao haukuoshwa hata kidogo.

Vitabu vitakatifu vinavyosomwa misikitini na makanisani Moshi havilaani jicho la mpelelezi. Katika Hesabu, sura ya 13, ni Mungu mwenyewe anayemwagiza Musa atume watu kumi na wawili wakaipeleleze Kanaani. Wote walipita njia moja kwa siku arobaini, wakaona miji ileile yenye kuta na matunda yaleyale. Kumi walihukumiwa, wawili wakasifiwa. Tofauti haikuwa katika walichokiona. Ukisoma taarifa ya wale kumi kwa makini utaona mahali ilipoharibika: walianza na kuta na matunda, vitu vya kuhesabika, kisha wakasema kwamba machoni pao wenyewe walikuwa kama panzi, na kwamba hivyo ndivyo wenyeji walivyowaona. Hilo la mwisho walilijuaje? Hakuna aliyewauliza wenyeji. Wapelelezi walikuwa wameacha kuangalia nchi, wakaanza kusoma mioyo, na kwa habari hiyo isiyo na shina watu wote wakalia usiku kucha na kutaka kurudi Misri.

Upande wa Uislamu, mfano ninaoupenda zaidi ni wa Hudhayfa bin al-Yaman katika vita vya Khandaq, mwaka 627. Mtume alimtuma usiku wa baridi na upepo aingie katika kambi ya Makureshi akalete habari, kwa sharti kwamba asiwachokoze. Hudhayfa alimwona kiongozi wao, Abu Sufyan, akiota moto, karibu kabisa, akaweka mshale kwenye upinde, kisha akakumbuka alichoagizwa na kuurudisha. Alitumwa kuona na kusema alichokiona. Kupiga hakukuwa kazi yake. Wapo watakaonikumbusha kwamba sura ya al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana kwa neno lisilo na utata. Ni kweli. Ila katazo lile limekaa kati ya makatazo mawili mengine, la dhana mbaya na la kusengenya, na aya sita tu nyuma yake waumini wameamriwa wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Ukiisoma sura kwa mkupuo mmoja, unaona mnyororo: dhana inazaa upekuzi, upekuzi unazaa maneno, na maneno yasiyopimwa yanaishia kwenye mwili wa mtu. Amri ya kupima hakupewa mpelelezi. Alipewa anayepokea.

Sasa tuje mlimani. Kabla ya Wajerumani, Uchagani kulikuwa na nchi nyingi ndogondogo, kila moja na mtawala wake, Mangi: Machame, Kibosho, Uru, Moshi ile tunayoiita Old Moshi leo, Kilema, Marangu na nyingine kuzunguka hadi Rombo. Makorongo marefu yalizitenga, lakini hayakuzuia masikio. Watu waliishi kwa kujua ng'ombe wa jirani wako wapi na vijana wake wa vita ni wangapi, na waliishi vilevile kwa kujificha. Marangu hadi leo huonyeshwa mapango yaliyochimbwa ili familia na mifugo vijifiche adui anapokuja, na wenyeji husimulia kwamba udongo ulibebwa na kutupwa mtoni ili asiyetakiwa kujua asione kichuguu kipya. Ni ustadi uleule wa mchezaji wa OGame anayeviondoa vyombo vyake vyote kabla ya kwenda kulala, ili atakayechunguza usiku akute sayari tupu. Sijakutana na dalili yoyote kwamba kupelelezana huko kulionekana aibu. Ilikuwa sehemu ya vita, kila upande uliweza kufanya, na aliyekosea kuhesabu mikuki ya jirani alilipa mwenyewe.

Hali ilibadilika alipofika mtu wa tatu mwenye nguvu kupita wote na macho mafupi kupita wote. Wajerumani hawakujua lugha ya mlima, hawakujua nani ana kisasi na nani, na walilazimika kuuona Uchaga kupitia vinywa vya Wamangi wenyewe. Rindi wa Moshi, aliyefanya mkataba nao mwaka 1885, alilielewa hilo mapema. Februari 1891 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipokwenda kumpiga Sina wa Kibosho, hasimu mkubwa wa Rindi, wapiganaji wa Rindi walikuwa pamoja naye. Rindi akafa mwaka huohuo, akarithiwa na mwanawe kijana, Meli. Kituo cha Wajerumani kikawekwa Marangu, kwa Mangi Marealle, na kuanzia hapo habari za mlima zilipita kwenye mlango mwingine. Juni 1892 afisa wa Kijerumani von Bülow alitoka Marangu kwenda kumtia Meli adabu. Akauawa yeye, na kikosi chake kikaondoka mlimani. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS, waliokuwa Moshi tangu 1885, wakatuhumiwa kwamba walikuwa upande wa Meli, na wakalazimika kuondoka. Walutheri wa Leipzig walifika mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Old Moshi husali Kilutheri na si Kianglikana, sehemu ya jibu ni tuhuma iliyopokelewa na wakubwa waliokuwa wametoka kushindwa vita na kutafuta wa kulaumiwa.

Agosti 1893 kamanda wa Kijerumani von Schele alikuja na jeshi kubwa, Meli akashindwa, na kituo kikahamishiwa Moshi chini ya Kapteni Johannes. Marealle alibaki kuwa sikio la kituo. Kilele cha nafasi hiyo ni tarehe 2 Machi 1900, siku Meli aliponyongwa Old Moshi pamoja na Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine, watu 19 kwa hesabu inayokumbukwa mlimani. Shtaka lilikuwa njama: kwamba walikuwa wakipanga na watu wa Arusha na Meru kukishambulia kituo. Kathleen Stahl, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa nchi zote za mlima na kuyachapisha mwaka 1964, anaeleza habari za njama hiyo kuwa ziliingia sikioni mwa Johannes kutoka Marangu. Baada ya kunyongwa kwao mamlaka ya Marealle yalitanuka hadi Rombo.

Angalia taarifa ya namna hiyo inasema nini. Haisemi kwamba kuna bunduki kadhaa mahali fulani, jambo ambalo askari angeweza kutumwa kulithibitisha kwa saa chache, maana kutoka kituoni hadi Kibosho si safari ya siku nyingi. Inasema kwamba watu fulani wamekusudia. Shahidi amevuka ukuta wa kuonekana, kama wale kumi wa Kanaani, na anasimulia kilichomo kifuani mwa mwingine. Habari ya namna hiyo haina kipimo ila kimoja, nacho ni kumwita mwenye kifua, kumweka mbele ya mtoa habari, na kuwasikia wote wawili. Na kipimo hicho hakikuwa kigeni mlimani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Old Moshi, alijaza kitabu kizima cha sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926, na afisa wa kikoloni Charles Dundas kabla yake, mwaka 1924, aliandika juu ya chungu cha laana, ambacho mtu alikiogopa kuliko fimbo. Aliyesema jambo mbele ya wazee aliliweka kichwani mwake na kwa uzao wake. Mtoa habari wa kituoni hakuapa kwa chungu, hakuapa kwa Msahafu, hakuapa kwa Biblia. Alinong'ona, akaenda nyumbani.

Hapo ndipo OGame inapokuwa ya ajabu. Taarifa ya chombo cha upelelezi haina mstari wa nia. Itakuambia mwenzako ana vyombo vya vita mia mbili, haitakuambia anakuchukia. Chombo chenyewe hakina ng'ombe wa kugombea wala binti wa kuoza. Hakiwezi kukuchongea kwa adui yako. Aliyechunguzwa hupewa habari kwamba amechunguzwa, na jina la aliyemchunguza, jambo ambalo Meli hakulipata. Kila mchezaji anaweza kumtendea mwenzake alichotendewa. Upelelezi wenye sifa hizo, wa vitu tu, wazi kwa mhusika, wenye usawa, sioni ni dini gani ingeulaumu hata ukitolewa ndani ya mchezo na kuletwa duniani. Na wachezaji hodari huongeza sifa nyingine, kwa hesabu zao tu: hutuma chombo cha pili dakika za mwisho, kikosi kikiwa njiani, kwa kuwa wanajua taarifa huchacha na vyombo vilivyokuwa havipo vinaweza kuwa vimerudi. Wakiona mabadiliko wanakirudisha kikosi. Uangalifu huo wa mtu anayelinda metali ya kuwaziwa haukupatikana kituoni Moshi mwaka 1900 kwa ajili ya roho za watu.

Lakini usafi huo una hatari yake, na hapa siungi mkono wanaosema mchezo ni mchezo tu. Anayepokea maelfu ya taarifa ambazo hazijawahi kumdanganya anazoea kupokea taarifa. Anasahau kwamba nje ya mchezo kila taarifa imetoka mahali, na kwamba aliyeileta alisimama upande fulani wa korongo. Siku hizi mashine zinazopiga picha kutoka angani, na programu zinazosoma simu za watu, huwaletea wakubwa taarifa kwa sura ileile ya jedwali la OGame: nadhifu, zenye tarakimu, zisizo na mdomo. Tofauti ni kwamba hizi zimeongezewa mstari ambao mchezo hauna. Zinadai kukadiria nani atafanya nini. Mstari huo ndio uliowaponza wale kumi, na hauwi wa kweli zaidi kwa kuwa umeandikwa na kompyuta.

Pingamizi la kwanza lenye uzito linatoka kwa mwanafalsafa Kant. Katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, aliweka majasusi katika fungu moja na wauaji wa siri na watia sumu: mbinu ambazo zikishatumika vitani hazibaki vitani, huvuja na kuharibu uaminifu ambao bila huo amani haiwezi kuandikwa. Ikiwa ni hivyo, kuchungulia kwenyewe ni kubaya, hata ushuhuda ukiwa wa kweli. Nakubali nusu. Kuna kutazama ambako ni uvunjaji: nyumba ya mtu, barua yake, ugonjwa wake. Al-Ghazali aliwakataza hata wanaokemea maovu wasitege sikio mlangoni kwa mtu ili wakamate dhambi. Lakini si kila kilichofichwa ni cha faragha, na jeshi linalokusanyika nyuma ya kilima si ugonjwa wa mtu. Kihamba cha Mchaga, yaani shamba la nyumbani, kimezungukwa na uzio wa masale, na masale hayazuii jicho. Mpita njia anaona migomba, kahawa na ng'ombe akitaka. Yanachosema masale ni kwamba hapa pana mwenyewe, usiingie bila kubisha. Kama kuona tu kungekuwa kosa, uzio ungekuwa ukuta. Na Kant mwenyewe, ukimfuata hadi mwisho, anachokililia ni uaminifu wa neno. Uaminifu wa neno hauharibiwi na jicho linaloona kweli na kuisema kweli.

Pingamizi la pili ni la mnyonge. Marangu ilikuwa nchi ndogo iliyobanwa na majirani wenye nguvu, na Marealle hakuwa na silaha nyingine ila sikio la Mjerumani. Sun Tzu, katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha vita, anasema kwa nguvu kwamba mtawala anayebania fedha za wapelelezi ni mkatili kwa watu wake, kwa kuwa vita vya gizani hurefuka na kula wengi. Hoja hii ni nzito, nami sitaki kumhukumu mnyonge kwa kujua mengi. Ila Sun Tzu anazungumzia mtu anayejitafutia ukweli wa kumwongoza yeye mwenyewe. Akidanganyika, anaumia yeye. Kupeleka habari kwa mwenye bunduki ili aumie mwingine ni biashara ya namna nyingine kabisa, na unyonge hauigeuzi. Hata mnyonge akiitwa kutoa ushahidi haruhusiwi kuusema uongo, kwa amri ya nane kama Walutheri na Wakatoliki wa mlimani wanavyoihesabu. Kinachompunguzia mzigo ni kwamba hakuwa peke yake katika tendo. Ilihitajika mpokeaji.

Na kupokea vibaya kunaweza kwenda pande zote mbili. Mlima huuhuu uliwahi kushuhudiwa kwa kweli na ushuhuda ukatupwa: mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya kilele cha Kibo tarehe 11 Mei 1848, na huko London mwanajiografia Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwa miaka kwamba haiwezekani; safari za mvumbuzi von der Decken za 1861 na 1862 ndizo zilizothibitisha. Cooley alikataa kwa sababu ilimfaa kukataa, na kituo cha Moshi kiliamini kwa sababu ilikifaa kuamini. Hakuna aliyepima.

Linabaki pingamizi ambalo msomaji mkali amekwisha kuliandaa. Haya yote niliyoyasema juu ya Marealle nimeyapata wapi? Kutoka kwa mashahidi. Stahl aliwasikiliza wazee miaka sitini baada ya tukio, wengi wao wa nchi zilizopoteza Wamangi wao siku ile, na aliwasikiliza katika kipindi ambacho jina la Marealle lilikuwa limetoka kuwa suala la siasa, kwani mjukuu wake Thomas alikuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote tangu mwanzo wa miaka ya 1950 hadi kura ya 1960 ilipomwondoa. Shutuma kwamba Marealle alitunga njama ni yenyewe habari juu ya nia ya mtu ambaye hayupo kujibu. Nikishika kipimo changu, lazima nikishike hapa pia: siwezi kumtia hatiani kwa uongo. Inawezekana aliamini alichosema. Inawezekana hata kwamba mazungumzo fulani kati ya Moshi na Arusha yalikuwapo. Watu waliokwisha kunyang'anywa nchi huzungumza. Kwa Marealle kesi ibaki wazi.

Ya Kapteni Johannes haitegemei mnong'ono wa mtu yeyote. Washtakiwa walikuwa mikononi mwake, wakiwa hai, wakiwa na lugha na wakalimani. Hakuna kikosi kilichokuwa njiani ambacho kisingeweza kurudishwa. Na miili iliyoning'inia Old Moshi haikuhitaji mpelelezi ili ijulikane; mlima mzima uliiona, na watu wa Old Moshi wanaendelea kukidai kichwa cha Mangi Meli, wanachosema kilipelekwa Ujerumani.